Sema na Aliyekaa Nyuma

Katika mikutano ya vijiji vya Dodoma, wale ambao jambo linawagusa zaidi hukaa nyuma. Mbele kuna meza kuu yenye kitambaa, viti vya plastiki na chupa za maji. Pembeni wapo wazee kwenye mabenchi yaliyoazimwa shuleni. Nyuma kabisa, pale kivuli kinapoishia, wameketi akina mama wenye watoto mgongoni, vijana walioegemea pikipiki zao, na mchungaji aliyesimama na fimbo huku jicho moja liko kwa ng'ombe. Hao ndio watakaochimba mtaro, watakaochangia saruji, na watakaokosa chakula mvua zikikatika Februari. Nimefanya kazi ya maendeleo ya jamii katika wilaya za Bahi, Chamwino na Kongwa kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Ninachokijua kuhusu kuhutubia nimekipata kwa kuwatazama wao: ni wakati gani wanainua shingo, wakati gani wanaanza kunong'ona, na wakati gani wanakung'uta vumbi kwenye kanga na kuondoka.

Siku hizi nasaidia vikundi vya wanawake na vijana kuandaa risala, hotuba na maelezo ya mkutanoni. Swali la kwanza huwa ni lile lile: "Dada, nianzeje?" Huwa nawaomba waliweke kiporo swali hilo. Kabla ya kutafuta mwanzo, nitajie mtu mmoja aliyekaa nyuma ambaye unataka akusikie, kisha nieleze unataka afanye nini akishaondoka pale. Akichangie kisima? Ampeleke mtoto chanjo? Akatae kuuza shamba kwa bei ya kutupa? Ukishindwa kujibu hilo, hata mwanzo mzuri hautakufikisha popote.

Nalichukulia jambo hili kwa uzito kwa sababu mkutano wa kijiji una nguvu kisheria. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inaufanya Mkutano Mkuu wa Kijiji kuwa chombo cha juu cha maamuzi pale kijijini. Kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe, na mkutano unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Watu wakinyoosha mikono, ardhi inagawiwa, michango inapangwa, mradi unapokelewa au unakataliwa. Aliyenyoosha mkono bila kuelewa amefungwa na uamuzi ule sawasawa na aliyeelewa. Kwa hiyo anayesimama kueleza jambo mbele ya watu wale amebeba dhamana, na maandalizi yake ni sehemu ya dhamana hiyo.

Katika kijiji kimoja cha Bahi alikuwepo mwenyekiti, mzee wa Kigogo aliyeishia darasa la nne, ambaye kwangu alikuwa mwalimu. Siku moja alikuja mtaalamu kutoka mjini kueleza mradi wa kisima. Alikuwa na kurasa kadhaa zilizopigwa chapa vizuri, akazisoma zote: uendelevu wa miundombinu, ushirikishwaji wa wadau, uchangiaji wa gharama za uendeshaji. Watu walikaa kimya kwa adabu. Alipomaliza, wakapiga makofi. Mzee akasimama, akamshukuru kwa kusafiri na jua lile, kisha akasema kwa upole: "Mgeni wetu, tumekusikia ukisoma. Sasa kaa hapa na sisi, utuambie."

Yule mtaalamu alikuwa muungwana. Aliweka karatasi chini, akasogea mbele ya meza, akasema: "Kisima kitachimbwa pale kwenye mkwaju. Pampu yake inaendeshwa na jua. Siku ikiharibika, hakuna atakayetoka mjini kuja kuitengeneza bure, kwa hiyo fedha ya fundi inabidi iwepo tayari. Ndiyo maana kila ndoo italipiwa." Haikufika hata dakika moja. Nyuma kule mama mmoja akasimama hapo hapo: "Hizo fedha anashika nani?" Baada ya swali hilo mkutano ulichangamka mpaka jua likaanza kuinama. Hotuba ile fupi mtaalamu alikuwa nayo kichwani tangu anatoka nyumbani. Alikuwa ameandaa karatasi, watu wenyewe hakuwaandaa.

Tangu siku ile nimekuwa nikitumia kipimo kimoja, nacho ndicho ninachokifundisha kuliko kingine chochote. Mama aliyekaa nyuma atarudi nyumbani jioni. Mume wake, au mama mkwe, au jirani aliyebaki na mifugo atamuuliza: "Wamesemaje huko?" Atakachojibu ni sentensi moja. Mara chache zitakuwa mbili. Sentensi hiyo ndiyo hotuba yako, hata kama wewe ulizungumza nusu saa. Basi iandike wewe kabla yeye hajalazimika kuitunga. Iandike ya kwanza kabisa, juu ya karatasi, kisha kila unachotaka kuongeza kiulize: unaisaidia sentensi hii, au unaifunika? Kinachofunika kitoe, hata kama ni cha kweli, hata kama umekitafuta kwa jasho.

Sentensi hiyo haipatikani ofisini. Mimi huwa naenda kijijini mapema, ikiwezekana siku moja kabla, na kituo changu cha kwanza ni mashine ya kusaga. Pale akina mama wanasubiri zamu na mtama wao na uwele wao, na maongezi ni ya moja kwa moja. Unauliza habari za mvua, habari za shule, unanyamaza, unasikiliza. Utajua jambo lako wanaliitaje. Sisi tunaandika "upotevu wa mazao baada ya mavuno", pale mashineni utasikia "dumuzi wamemaliza ghala." Sisi tunaandika "changamoto ya masoko", wao wanasema mnunuzi anachelewa makusudi ili bei ishuke. Maneno yao yana mtu anayefanya kitu, yana hasara inayoonekana. Yachukue hayo uingie nayo mkutanoni. Mtu anaposikia neno lake likitoka mbele, kwenye kipaza sauti, anajua kwamba kuna aliyemsikiliza kabla.

Nitaeleza kwa kirefu kidogo habari ya kikundi kimoja cha akina mama wanaolima zabibu upande wa Mvumi, maana pale mambo mengi ya maandalizi yalikutana.

Zabibu za Dodoma huvunwa misimu miwili kwa mwaka, mmoja kati ya Februari na Machi na mwingine Agosti na Septemba. Kikundi kilikuwa kimealikwa kwenye hafla ambayo mgeni rasmi angekuwa kiongozi mkubwa, na kilitakiwa kusoma risala. Kila Mtanzania anaijua risala: wenyeji wanamsalimu mgeni, wanaeleza kikundi kilianza lini na kina wanachama wangapi, wanataja mafanikio, wanataja changamoto, wanaomba, wanashukuru. Mpangilio huo si mbaya. Unampa mgeni picha ya watu anaokutana nao. Ubaya unaingia kwenye maombi. Rasimu ya kwanza ya akina mama wale iliomba maji ya umwagiliaji, mkopo, ofisi, umeme, gari, mafunzo, dawa za ukungu na mashine ya kusindika. Kila ombi lilikuwa la haki. Lakini mgeni rasmi anayepokea maombi mengi namna ile hujibu yote kwa pamoja, kwamba "tumeyapokea na tutayafanyia kazi," na hapo hana kosa, kwa sababu hakuna lililosimama mbele ya mengine.

Tulikaa chini ya mti wakayajadili. Niliwauliza ni lipi kati ya hayo likipatikana, mengine wataweza kuyasukuma wenyewe. Mabishano yalikuwa makali, na nilifurahi yawe makali, kwa kuwa hapo ndipo hotuba inapotengenezwa. Mwishowe mama mmoja mtu mzima, ambaye muda wote alikuwa anachambua mlenda kwenye ungo, alisema bila kuinua macho: "Shida yetu ni moja. Zabibu ikishakatwa haisubiri mtu." Wote wakanyamaza. Mnunuzi analijua hilo, ndiyo maana anachelewa; kreti zikishapangwa juani, mkulima anapokea bei yoyote. Ombi likawa moja: wakutanishwe na wanunuzi kabla ya msimu, bei iandikwe kabla ya kukata.

Katibu alikuwa amejiandaa kusoma, kama ilivyo desturi. Wenzake wakampendekeza yule mama wa mlenda, kwa sababu sauti yake inafika mbali na kila mtu anajua shamba lake lilivyo. Kusoma kwake kulikuwa kwa tabu, kwa hiyo hatukumwandikia kurasa. Tulikata karatasi za manila, naye akachora mwenyewe: ya kwanza mzabibu, ya pili kreti, ya tatu jua, ya nne lori lililosimama mbali, ya tano mkono unaosaini. Kila mchoro ulikuwa na mambo yake ya kusema. Alifanya mazoezi shambani akipalilia, wajukuu wakiwa wasikilizaji. Siku yenyewe alisimama, akamwangalia mgeni rasmi, akaeleza, na sentensi ile akaisema mara tatu: mwanzoni, katikati na mwishoni. Mgeni alipoinuka kujibu, kabla ya kufungua hotuba yake aliyoandaliwa, aliirudia: "Mama amesema zabibu ikishakatwa haisubiri mtu." Kikao na wanunuzi kilifanyika kabla ya mavuno ya Agosti. Hakikumaliza matatizo yote, bei ziliendelea kuvutwa huku na huku, lakini waliingia msimu ule wakiwa na karatasi mkononi.

Kuna mambo mawili hapo ambayo watu wanaoandika vizuri huyapuuza. La kwanza ni kurudia. Msomaji akipotea anarudi juu ya ukurasa. Msikilizaji hana pa kurudi. Mtoto akilia, pikipiki ikipita, sentensi muhimu imekwenda. Kwa hiyo irudie kwa makusudi, kwa maneno yale yale, usiibadilishe kwa kutaka kuonyesha utajiri wa lugha. La pili ni ufupi wa sentensi. Maandishi ya ofisini yanapenda sentensi yenye "ambapo" na "hivyo basi" na "ikiwa ni pamoja na". Ukiisoma kwa sauti, pumzi inakatika kabla ya nukta. Sikio linataka mtu, tendo, nukta.

Novemba 1978, baada ya majeshi ya Idi Amin kuvamia Kagera, Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa, na Watanzania ambao hawakuwa wamezaliwa bado wanaweza kukutajia kiini cha hotuba ile: uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, nia ya kumpiga tunayo. Nimeitumia mara nyingi darasani. Nawauliza wanakikundi kwa nini imedumu, na majibu yao ni mazuri kuliko ya vitabu. Mmoja aliniambia kwamba kila kipande kinajibu hofu iliyokuwa ndani ya mtu siku ile. Tutaweza? Tuna haki? Au tunatishia tu? Mwalimu aliyajua maswali ya wasikilizaji kabla hawajayauliza, akayajibu kwa umbo moja lililorudiwa, kiasi kwamba mtu angeweza kulibeba kutoka redioni mpaka shambani bila kuliandika popote.

Takwimu nazo zinahitaji kutengenezwa kwa ajili ya sikio. Halmashauri zetu zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ukiisema hivyo kwa kasi, kwa waliokaa nyuma inapita. Mimi husimama na noti ya shilingi elfu kumi, nasema: "Halmashauri ikipata laki moja kutoka kwenye ushuru wake, hii hapa inatengwa. Elfu nne ya akina mama. Elfu nne ya vijana. Elfu mbili ya wenzetu wenye ulemavu." Kisha nanyamaza. Kimya kile ni sehemu ya hesabu; watu wanagawanya vichwani mwao. Namba moja iliyofafanuliwa namna hiyo inatosha kwa mkutano mzima. Zikiwa nyingi, zote zinasahaulika pamoja.

Baada ya maandishi kuna mazoezi, na hapa siwaonei watu huruma. Kusoma kimya kitandani si mazoezi. Simama, toa sauti, weka mtu umbali wa kiwanja cha netiboli na umwombe anyooshe mkono kila anapokosa neno. Pima muda kwa simu. Kwa kasi ya mkutano wa hadhara, ukiwapa watu nafasi ya kufikiri, Kiswahili hukaribia maneno 100 kwa dakika. Hotuba ya dakika tano basi ni kama maneno 500, ukurasa mmoja na kidogo. Anayekuja na kurasa sita kwa dakika tano tayari ameamua kuwakimbiza wasikilizaji. Sentensi ya kwanza na ya mwisho zikariri neno kwa neno. Katikati jua mambo yako tu, na yaandike kwa vichwa vya habari kwenye kadi ngumu, kwa herufi kubwa, kadi zikiwa na namba.

Namba hizo zina sababu. Kuanzia Juni hadi Septemba upepo wa Dodoma hauna huruma na karatasi. Nimeona kurasa za mgeni rasmi zikikimbizwa na watoto mpaka uwanjani. Upepo huo huo ukiingia kwenye maiki hutoa mngurumo unaofunika maneno, kwa hiyo geuka uupe mgongo, au funga kitambaa chepesi kwenye kichwa cha maiki. Ishike karibu na kidevu, umbali wa ngumi moja hivi, na isogee pamoja na uso wako unapogeuka. Usisimame mbele ya spika ukiwa na maiki mkononi: sauti inayotoka kwenye spika inaingia tena kwenye maiki, inazunguka, na ndipo inapopiga ule mluzi unaoumiza masikio. Fika mapema uijaribu pamoja na kijana wa muziki, umuulize jina lake, umshukuru. Na jiandae kwa jenereta kuzima. Sauti inayofika nyuma bila umeme inatoka tumboni, kwa pumzi iliyojaa, mdomo ukifunguka vizuri. Kupiga kelele kwa koo kunaikwaruza sauti ndani ya dakika chache, hasa kwenye hewa kavu ya huku. Kunywa maji ya uvuguvugu kabla.

Kuhusu hofu, nasema machache kwa sababu imeandikwa sana. Moyo kwenda mbio, mdomo kukauka, mikono kutetemeka: mwili umemwaga adrenalini, umejiandaa kwa jambo kubwa, na jambo ni kubwa kweli. Kinachosaidia ni kutoa pumzi polepole, kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, mara kadhaa, kabla ya kuitwa. Ukishafika mbele, simama kwa miguu yote miwili, tafuta uso mmoja nyuma kabisa, na sema ile sentensi uliyoikariri. Mwili hutulia wenyewe kazi ikishaanza.

Sasa mwanzo, ambao nilisema tuuweke kiporo. Desturi yetu ya kutambua waliopo ni nzuri na siidharau. Mkuu wa wilaya, diwani, mtendaji, viongozi wa dini, wazee maarufu, kila mmoja anastahili heshima. Lakini mshereheshaji akishawatambulisha, na msemaji wa kwanza akawataja, na wa pili akawataja tena, watu wa nyuma wamekaa juani robo saa bila kusikia jambo hata moja. Kiswahili chetu kimeshatupa njia: "Itifaki imezingatiwa." Itumie bila woga. Kisha wasalimie watu wa pale kwa salamu yao. Mzee wangu wa Bahi alikuwa na namna yake. Kabla ya kufungua mkutano aliizunguka meza kuu, akatembea mpaka nyuma, akawapa watu mikono, akauliza habari ya mgonjwa wa fulani na ng'ombe wa fulani. Aliporudi mbele na kusema "Mbukwenyi!", salamu ya Kigogo, itikio lilitoka nyuma kwanza.

Aristotle, Mgiriki aliyeishi karne ya 4 kabla ya Kristo, alieleza kwamba msemaji hushawishi kwa mambo matatu: tabia yake mwenyewe, hisia za wanaomsikiliza, na hoja. Nimewasikia wanakijiji wakiyataja hayo hayo wakitoka mkutanoni, bila kumjua Aristotle. Yule tunamjua? Anatuonea uchungu? Anachosema kina ukweli? Mzee alikuwa ameshajibu maswali mawili ya kwanza kabla hajafungua mdomo. Asiye mwenyeji hana budi kuyajibu kwa dakika yake ya kwanza, na njia fupi ni kusema alichokiona mwenyewe pale: "Nimepita darajani asubuhi, nimeona watoto wanavua viatu kuvuka." Mwanzo usiofaa ni ule tuliouzoea: "Mimi sina mengi ya kusema." Kama huna mengi, sema hayo machache yako. Kama unayo, usiwaombe watu radhi kwa kuwaletea kitu wanachokihitaji.

Kuishi mjini Dodoma kumenipa darasa jingine, nalo ni Bunge. Mkutano wa bajeti huanza Aprili na kwenda hadi mwisho wa Juni, na mwananchi anaweza kuufuatilia redioni au kuingia ukumbini kama mgeni. Mbunge anapewa dakika chache, kisha kengele inalia. Sikiliza kwa daftari mkononi. Wapo wanaotumia muda wao mwingi kwa shukrani na pongezi, na kengele inawakuta ndiyo kwanza wanaitaja barabara ya jimbo lao. Na wapo wanaoanza na barabara: inatoka wapi kwenda wapi, nani alikwama wiki iliyopita, wanamwomba Waziri nini. Kengele ikilia, shukrani ndiyo iliyobaki, na hakuna kilichopotea. Nawaambia wanafunzi wangu wapange hivyo hivyo, jambo kuu likiwa juu, kwa kuwa muda wa mkutano wa kijiji nao hukatwa. Mgeni amechelewa, mawingu yametanda, umepewa dakika kumi sasa unaambiwa tatu. Aliyepanga hotuba yake kutoka zito kwenda jepesi anakata mkia tu. Aliyehifadhi zito mwishoni hafiki kwake.

Nimeacha jambo lililo karibu zaidi na moyo wangu. Katika sherehe zetu akina mama wa Kigogo huingia na muheme, ngoma zikiwa kati ya magoti, na uwanja wote husimama. Hakuna anayetilia shaka nguvu yao hapo. Ngoma ikiisha wanarudi nyuma ya kivuli, na mkutano wa maamuzi unaendelea juu ya maji, kuni, zahanati na shule, mambo wanayoyabeba wao kila siku, huku wakisikiliza wanaume. Mama akiinua mkono, mara nyingi huanza kwa sauti ya chini na maelezo marefu ya kwa nini amethubutu, na mwenyekiti anamkatisha kabla hajafika kwenye hoja. Tunachofanya kwenye vikundi ni mazoezi madogo sana: simama, taja jina lako na kitongoji chako, sema hoja kwanza, sababu baadaye, kaa. "Naitwa mama fulani wa kitongoji fulani. Napendekeza kisima kifunguliwe saa kumi na moja alfajiri. Kikifunguliwa saa mbili, watoto wa kike wanachelewa shule." Basi. Wanarudia wao kwa wao mpaka hoja inatoka bila kujikwaa. Na wanapanga kukaa mbele, watatu au wanne pamoja, ili mmoja akisimama asijione peke yake. Nimeona vijiji ambako ratiba ya maji imebadilishwa kwa sentensi mbili za namna hiyo. Sijui kazi nyingine ninayoifanya ambayo naipenda kuliko hii.

Kinachobaki ni maswali, na wengi huyaacha bila maandalizi wakidhani hotuba imekwisha. Kwa watu wa nyuma ndiyo kwanza inaanza. Kaa na wenzako mapema mtaje maswali matatu magumu ambayo mngependa yasiulizwe, mtafute majibu yake. Mtu akiuliza, lirudie swali kwenye kipaza sauti, maana waliokuwa upande wa pili hawakulisikia. Usimjibu aliyeuliza peke yake, jibu umati. Asiyekubaliana na wewe mwite kwa heshima yake, mzee, mama, kaka, na usishindane naye mbele ya watoto wake. Swali ambalo huna jibu lake usilizungushe. Sema nani anayelijua, na jibu litaletwa lini, na mtendaji wa kijiji aliandike kwenye daftari la mkutano hapo hapo, lisomwe watu wakisikia: jambo, jina, tarehe. Mkutano unaofuata, kabla ya ajenda mpya, fungua ukurasa ule uwasomee, useme lipi limeletwa na lipi bado.